Tableti ya bei chee au ya bei mbaya: mwongozo kwa mchoraji anayekula kwa kalamu yake

Kwa miaka minne nilichorea tableti ya inchi sita kwa nne, na hakuna mteja hata mmoja aliyewahi kuniuliza imetengenezwa na nani. Waliolalamika walikuwa wengine. Kwanza bega langu la kulia. Kisha mpiga chapa, aliyenipigia simu kusema nyuso za watoto kwenye kitabu zimetoka kama zimepakwa majivu. Bega lilikuwa na haki ya kuilaumu tableti. Mpiga chapa alikuwa analaumu kioo cha laptopu yangu, na kioo hicho kisingerekebishwa na tableti ya dola elfu moja.

Wengi hutupa hela hapa: tatizo liko kwenye kioo, wananunua kalamu, tatizo liko kwenye ukubwa, wananunua jina la kampuni. Hatua zifuatazo zinakusaidia kujua lalamiko lako ni la nani kabla hujafungua pochi.

Hatua ya 1: Anza na kazi, duka lisubiri

Chukua karatasi uandike kazi tano za mwisho zilizokuingizia hela. Zile unazoota kuzifanya ziache. Mbele ya kila moja andika ilikoishia: kwenye simu za watu, gazetini, kitabuni, kwenye fulana, kwenye video.

Mchora katuni wa mitandaoni anahitaji mkono mtiifu. Rangi zake zitatazamwa kwenye simu za kila aina, nyingine zimepasuka kioo, kwa hiyo tofauti ndogo ya rangi haimwondolei mteja. Wa vitabu vya watoto na vifungashio anahitaji rangi anayoweza kuiamini, maana wino ukishakauka kwenye nakala elfu tatu haurudi chupani. Wa uhuishaji anachora fremu baada ya fremu, siku nzima, na kinachomuumiza ni shingo na mkono. Anayesafisha picha za harusi anatosheka kabisa na tableti ndogo isiyo na skrini. Mashine ya dola elfu tatu mbele yake ni pambo la meza.

Hatua ya 2: Chagua aina kabla ya kuchagua kampuni

Aina ni tatu. Ya kwanza haina skrini: mkono uko mezani, macho yako kwenye kompyuta. Humo zimo One by Wacom, Wacom Intuos na Intuos Pro, Huion Inspiroy H640P, XP-Pen Star G640 na Deco 01. Wiki mbili za mwanzo utajiona umerudi chekechea, mstari unaenda unakotaka wenyewe. Ukivumilia, mkono unazoea na shingo inabaki wima. Faida nyingine haiandikwi kwenye boksi lakini sisi tunaijua: tableti ya aina hii inakula umeme wa USB kutoka kwenye laptopu, kwa hiyo umeme ukikatika unaendelea kuchora mpaka betri ya laptopu iishe.

Ya pili ina skrini ndani yake: Wacom Cintiq, Huion Kamvas, XP-Pen Artist. Unachora juu ya picha yenyewe. Wateja wengi wa dukani hudhani hii ni kompyuta, wanafika nayo nyumbani wanakuta haiwaki peke yake. Ni monita inayopokea kalamu, basi. Kompyuta bado inatakiwa, na kubwa kati ya hizi zinataka adapta yake ukutani. Umeme ukikatika laptopu inabaki hai, sehemu ya kuchorea inazima. Baadhi ya zile za inchi 12 na 13 zinaweza kuwashwa na waya mmoja wa USB-C, ilimradi tundu la laptopu yako linatoa picha. Laptopu nyingi za bei ya chini zina tundu hilo kwa umbo tu. Linapitisha data, picha hakuna. Angalia hilo leo, usisubiri siku ya kununua.

Ya tatu inajitegemea: iPad, au Samsung Galaxy Tab zinazokuja na S Pen, kalamu ya Samsung. Hizi zinabebeka, na kwa anayechora kwenye daladala au mbele ya mteja hakuna zinazozifikia. Lakini kuna mitego miwili. Apple Pencil ya USB-C, kalamu ya iPad iliyotoka 2023, haisomi mkandamizo: ukibonyeza kwa nguvu au kwa upole, mstari unabaki na unene uleule. Kwa mchoraji huo ni mti wa kuonyeshea ramani. Hakikisha kalamu unayouziwa inasoma mkandamizo na inaoana na iPad yako. Upande wa Samsung, si kila Tab inapokea S Pen. Galaxy Tab A9, kwa mfano, haipokei.

Hatua ya 3: Soma namba za kwenye boksi kwa jicho la muuza nyanya

Namba kubwa kuliko zote kwenye boksi ni ya viwango vya mkandamizo: 2048, 4096, 8192, siku hizi hata 16384. Usitishwe nayo. Picha ya kawaida ya biti 8 ina ngazi 256 tu kutoka wazi kabisa hadi rangi kamili. Kalamu ya viwango 2048 tayari inagawa kila ngazi mara nane. Ukipanda hadi 8192 unaigawa mara thelathini na mbili, na hapo mkono wa binadamu hauna habari tena. Huion H640P ni ya bei ya chini na ina viwango 8192. One by Wacom, yenye jina kubwa, ina 2048. Mimi nimezitumia zote mbili na sikuwahi kuona tofauti hiyo kwenye mchoro.

Namba ya kuitafuta ni nyingine, na mara nyingi haiandikwi: uzito mdogo kabisa unaoamsha kalamu. Kalamu nzuri inaanza kuandika kwa gramu chache tu, uzito wake yenyewe unatosha kuiamsha. Kalamu mbaya inataka uibonyeze kwanza, na huko kubonyeza ndiko kunakoua mistari myembamba ya nywele na kope. Ukichora saa sita kwa siku, ndiko kunakoua na kifundo cha mkono. Kwa kuwa boksi halikuambii, utaipima mwenyewe kwenye hatua ya 6.

Sasa ukubwa, na hapa twende taratibu kwa sababu ndiko bega langu lilikoharibikia. Skrini ya laptopu ya inchi 15.6 ina upana wa milimita 345 hivi. Tableti ndogo ya Wacom ina eneo la kuchorea la milimita 152 kwa 95. Maana yake mkono ukisogea milimita moja, mshale unasogea zaidi ya mbili. Mtetemo wowote wa kidole unakuzwa kiasi hichohicho, na wewe unaubana mkono ili usitetemeke. Kwenye Intuos ya kati, milimita 216 kwa 135, kila milimita inakuwa 1.6. Kwenye Deco 01, yenye inchi 10 kwa 6.25, inakuwa kama 1.4. Ndiyo maana Deco 01 ya bei rahisi inampa mchoraji wa mistari mirefu raha ambayo tableti ndogo ya kampuni yoyote haiwezi kumpa. Ukiwa na hela ya kununua ndogo ya jina kubwa au ya kati ya jina dogo, chukua ya kati, ilimradi meza yako ina nafasi.

Halafu kuna rangi, kwa wenye kununua skrini. Maboksi yanajisifu kwa asilimia za NTSC, sRGB na Adobe RGB, vipimo vya upana wa rangi ambazo skrini inaweza kuonyesha, kana kwamba ni kitu kimoja. Asilimia 72 ya NTSC inakaribia kulingana kwa ukubwa na sRGB nzima. Laptopu nyingi za bei ya chini zina 45 tu, yaani wekundu wake umefifia na kijani chake kimechoka. Mtu akikuandikia "asilimia 120 ya sRGB" anakuambia eneo la rangi ni kubwa; hakuambii kwamba rangi ziko mahali pake.

Hatua ya 4: Jua hela ya ziada inanunua nini

Zamani jibu lilikuwa rahisi. Wacom, kampuni ya Japani iliyoanza 1983, ilikuwa na kalamu isiyo na betri: ubao wa chini unatoa uga wa sumaku-umeme, koili ndogo ndani ya kalamu inaitikia, na ubao unajua kalamu iko wapi na imebonyezwa kiasi gani. Washindani walikuwa na kalamu za betri, nzito, zinazozima katikati ya kazi. Leo Huion na XP-Pen nao wana kalamu zisizo na betri, na pengo la mstari kwa mstari limezibika kwa sehemu kubwa.

Wala bei kubwa si dhamana ya kila kitu. Cintiq 16 ilipotoka 2019 kwa dola 649.95, ilikuwa na skrini ya pikseli 1920 kwa 1080, na kioo chake hakikuwa kimegandishwa na paneli, kwa hiyo kulikuwa na mwanya kidogo kati ya ncha ya kalamu na mstari. Kamvas Pro 16 ya Huion ilikuwa na kioo kilichogandishwa, kwa bei ya chini zaidi. Anayenunua kwa jina peke yake hapo alilipa zaidi akapata mwanya.

Hela kubwa inaanza kuzungumza unapopanda juu kabisa. Cintiq Pro 27 ya 2022 ina 4K, inaonyesha picha mara 120 kwa sekunde, na inafikia asilimia 99 ya Adobe RGB. Kwa mwenye studio anayepeleka kazi kwa wapiga chapa wakubwa au filamu, rangi hizo ni mkate wake. Bei yake ilikuwa karibu dola 3,500. Kwa wengi wetu hiyo ni bodaboda mbili.

Katikati ya hapo, unachonunua kwa bei ya juu ni utulivu. Mistari ya polepole ya mshazari inayonyooka, kona za ubao zinazosoma sawa na katikati, draiva (programu inayoifanya kompyuta ielewane na tableti) isiyogoma baada ya Windows kujisasisha usiku, na kalamu ya akiba utakayoipata miaka mitano baadaye. Vitu hivi havionekani siku ya kwanza.

Hatua ya 5: Piga hesabu nzima

Bei ya tableti ni mwanzo. Kwanza kompyuta. Ukurasa wa A4 wa kuchapwa kwa dpi 300, yaani nukta 300 kwa kila inchi, una pikseli 2480 kwa 3508; tabaka moja (layer) lililojaa linakula megabaiti 35 hivi za kumbukumbu. Matabaka thelathini ni gigabaiti moja. Ukihamia A3, zidisha mara mbili. Laptopu ya RAM ya GB 4 itapumua kwa shida hata ukiwekea tableti ya sultani, kwa hiyo kama ndiyo uliyonayo, nunua tableti isiyo na skrini ya bei ya chini na hela iliyobaki iongeze RAM.

Huna kompyuta kabisa? Tableti nyingi ndogo za Huion na XP-Pen zinaunganishwa na simu ya Android kwa kiunganishi cha OTG, kile kinachoiwezesha simu kupokea vifaa vya USB. Inafanya kazi, ila simu ikiwa wima sehemu ndogo tu ya ubao ndiyo inayosoma. Ni ya kujifunzia. Kazi ya kulipwa itakutesa.

Pili, programu. Krita ni ya bure, inaingia Windows, Mac, Linux na hata Android, na ina CMYK, mfumo wa rangi wa wino, kwa kazi za kuchapwa. Sioni sababu ya mchoraji anayeanza kulipia kitu kingine mpaka mteja atake faili la aina fulani.

Tatu, kalamu ya akiba. Kwa kawaida kalamu za kampuni moja hazifanyi kazi kwenye nyingine, na hata ndani ya kampuni moja kila kalamu ina tableti zake. Kalamu ikipotea, ulichonacho ni ubao wa kukatia vitunguu. Kabla hujanunua tableti, tafuta kalamu yake inauzwa wapi na kwa bei gani. Ukikosa jibu, acha tableti hiyo hata kama inagawiwa. Ongeza na ncha za akiba. Ncha za plastiki huliwa na ubao wenye ukwaru, na ncha iliyolika upande mmoja kama patasi inakwaruza.

Nne, kama unaagiza nje: usafiri na kodi. VAT ya kawaida ni asilimia 18 Tanzania Bara na 16 Kenya, na adapta inaweza kuja na plagi isiyoingia kwenye soketi zetu.

Kuhusu mitumba ya vifaa, sina dharau. Intuos Pro ya kati ya 2017 iliyotunzwa, yenye kalamu yake halisi, inaweza kukutumikia vizuri kuliko mpya ya bei ileile. Kagua tundu la waya kama linacheza, pitisha ukucha juu ya ubao kutafuta mifereji, kisha hakikisha draiva ya sasa bado inaitambua. Kampuni zote, za bei zote, huacha kuhudumia mashine zilizozeeka.

Hatua ya 6: Jaribu dukani, usione haya

Niliwahi kuuziwa tableti ambayo kona ya chini kulia haikusoma chochote. Niliijaribu dukani kwa kuandika jina langu katikati, nikalipa, nikaondoka na furaha zangu. Tangu siku hiyo naenda na laptopu yangu, Krita ikiwa ndani na draiva ya tableti hiyo nimeshaipakua kwenye tovuti ya watengenezaji. Muuzaji anayekataa ujaribu anakupa taarifa ya bure kuhusu bidhaa yake.

Fanya hivi. Zima kwanza kilainisha mistari kwenye programu, kwa sababu kinaficha dhambi. Weka rula mshazari juu ya ubao, vuta mstari polepole sana, sekunde kumi kutoka kona hadi kona. Mstari ukitoka na mawimbi kama ngazi za mnazi, hapo umeona ugonjwa unaozitofautisha tableti kuliko mwingine wowote. Rudia kwa mshazari wa upande wa pili. Rudia kwa haraka. Kwa haraka karibu zote hunyooka, kwa hiyo video ya tangazo inayochora kwa kasi haikuambii kitu.

Kisha acha kalamu ilale mkononi bila kubonyeza, iburute juu ya ubao kwa uzito wake. Ikiacha alama, imefaulu mtihani wa gramu. Chora mistari ishirini inayoanza kama unywele na kuishia kama kamba. Angalia kama inanenepa taratibu au inaruka ghafla. Gusa kona zote nne. Tikisa waya taratibu kwenye tundu lake huku mwenzako akichora.

Kwa yenye skrini ongeza haya: fungua picha nyeupe tupu, kisha nyeusi tupu, utafute nukta zilizokufa. Weka ncha kwenye alama ya msalaba uitazame kutoka ulikokaa, si kutoka juu. Ukiona mshale umekaa pembeni, rekebisha ulinganifu kwenye draiva na ujaribu tena. Iache iwake nusu saa. Mkono utalala juu ya kioo hicho mchana kutwa wa Dar, na kioo cha moto ni mateso.

Dai risiti yenye jina kamili la tableti, na uliza dhamana inatekelezwa hapa nchini au mzigo unarudishwa ulikotoka.

Hatua ya 7: Ifunge nyumbani kwa utaratibu

Malalamiko mengi ya "tableti mbovu" ninayoletewa ni ya draiva. Ondoa kabisa draiva ya tableti ya zamani, zima na uwashe kompyuta, ndipo uweke mpya. Draiva mbili za kampuni mbili kwenye kompyuta moja ni wake wenza: mkandamizo hupotea, mshale huruka. Mkandamizo usiposoma kwenye Windows, nenda kwenye mipangilio ya draiva ubadilishe Windows Ink, mfumo wa kalamu wa Windows wenyewe: ikiwa imewashwa izime, ikiwa imezimwa iwashe, kisha fungua upya programu. Kwenye Mac, draiva inahitaji ruhusa kwenye mipangilio ya faragha. Bila hiyo mshale hautii.

Linalofuata wengi hawalijui. Ubao wa milimita 152 kwa 95 una uwiano wa 16 kwa 10, skrini nyingi ni 16 kwa 9. Ukiacha ubao mzima ulingane na skrini nzima, duara unalochora kwa mkono linatoka limepanuka kama asilimia 11, yai lililolala. Utalaumu mkono wako miezi mingi bure. Tafuta kwenye draiva chaguo la kulinda uwiano, uliwashe. Utapoteza kama sentimita moja ya chini, na maduara yatarudi kuwa maduara. Ukiwa na skrini mbili, elekeza tableti kwenye moja tu.

Mwisho rekebisha mkunjo wa mkandamizo, yaani jinsi mstari unavyonenepa kadiri unavyobonyeza. Mwenye mkono mwepesi aulainishe mwanzo. Mwenye mkono wa seremala aufanye mgumu.

Sasa ninunue ipi?

Unaanza kulipwa, au unachora katuni za mitandao: Deco 01 au Inspiroy yenye ukubwa wa kati. Ukifanikiwa, hutajutia hela. Usipofanikiwa, hutalilia hela.

Unatengeneza vitabu na vifungashio: tableti hiyohiyo, na fedha uliyotaka kupandia daraja nunulia monita nzuri inayofikia sRGB nzima. Mimi ndivyo nilivyomaliza kesi ya nyuso za majivu, na tableti sikuigusa. Omba pia karatasi ya majaribio kwa mpiga chapa kabla ya kazi nzima.

Unafanya uhuishaji kila siku: skrini ya inchi 16 kwenda juu, kioo kilichogandishwa, na stendi inayoinuka. Kamvas au Artist zinatosha wengi. Cintiq inunue kama studio ina mafundi na kalamu za akiba za Cintiq tayari, maana siku yako ikiharibika utaazima ya jirani.

Unachora safarini: Galaxy Tab yenye S Pen kwa bajeti ndogo, iPad kwa anayeitaka Procreate, programu ya kuchorea ya iPad.

Kupanda daraja kunafaa pale unapoweza kuitaja kasoro kwa jina: "mistari yangu ya polepole ina mawimbi", "mteja amerudisha rangi mara mbili mwezi huu". Ukijikuta unasema tu kwamba unataka kuchora vizuri zaidi, badilisha ncha ya kalamu kwanza, futa ubao kwa kitambaa chenye unyevu kidogo kuondoa mchanga, vaa glavu ya vidole viwili ili jasho lisikugandishe, uchore wiki mbili nyingine.